Sange: tugeuze kiti

Jina la Sange likiingia mu gazeti, mara mingi ni juu ya kilio. Tarehe 2 Julai 2010 lori ya mafuta ilipinduka na kulipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa, na wengi walikuwa mu nyumba za video, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Usiku wa 6 Juni 2014 ikawa zamu ya Mutarule, pale jirani: watu zaidi ya 30 waliuawa. Leo mniruhusu niitaje Sange kwa jambo lingine: mchezo wa mezani, wa watu wawili.

Mwaka 1977, kule Marekani, Steve Jackson alitoa mchezo uitwao Ogre. Haukuwa mchezo wa matajiri: ramani ya karatasi yenye vyumba vya pembe sita, vipande vidogo vya karatasi ngumu, dadu, basi. Bei haikufika dola 3. Hadithi yake iko mu mwaka 2085. Mchezaji mmoja iko na kipande kimoja tu: kifaru kikubwa sana kinachojiongoza chenyewe, hakuna mtu ndani. Mwenzake iko na askari wa miguu, vifaru vidogo, mizinga, na kituo cha amri cha kulinda. Mwenye wadogo akipanga vibaya, anakwisha. Akipanga vizuri, anapiga minyororo ya lile dude kidogo kidogo mpaka linatambaa, kisha linasimama.

Wachezaji wazuri wakimaliza, wanabadilishana upande. Aliyekuwa na dude anachukua wadogo. Hapo njo ninapotaka tusimame kidogo.

Mu uwanda wetu wa Ruzizi, ugomvi wa madaraka ya chefferie, wa mashamba na wa ng'ombe ni wa miaka mingi. Kila upande unajua kuhesabu wafu wake. Wafu wa upande wa pili, haina mtu anawahesabu. Mikutano ya amani imefanyika, hotuba zimesomwa, lakini ni nani aliyemwomba kijana akae mu kiti cha mwenzake na apange kama yeye, kwa hofu yake na kwa uchache wa nguvu zake?

Kwa nini basi mashine ya 2085, si vita yetu wenyewe? Juu mashine haina kabila. Ukiweka mezani majina ya huku kwetu, kabla ya dadu kuanguka watu watakuwa wamesimama. Dude la chuma halina ukoo wala shamba, na kila mtu anaweza kulisema vibaya bila kumtukana jirani. Tena si ndoto ya mbali sana: ndege za vita zisizo na rubani, Kivu imekwisha kuziona.

Wazazi watasema: «Batoto yetu bameona vita mingi, munawaletea ingine?» Swali ni la haki. Lakini tazameni mu parsele: watoto wanacheza vita tangu zamani, kijiti kikiwa bunduki. Na pale, nani anakuwa adui? Ni yule mdogo, yule mgeni, na kesho ni yeye tena. Kwenye meza sheria inakataza hiyo.

Wala tusiseme ni mambo ya wazungu. Jirani zetu wa Burundi na Rwanda wanajua igisoro: mashimo 32, mbegu 64, watu wawili wenye akili kali. Mbegu uliyoteka hauitupi inje, unaipanda upande wako na inakufanyia kazi. Wazee wa pande hizi hawana haja ya kufundishwa hesabu ya vita.

Sisemi kwamba katoni itarudisha shamba la mtu ao kuwanyang'anya watu silaha. Hiyo ni kazi ya serikali na ya mahakama, na tutaendelea kuwadai. Nasema tu kwamba kijana anayekaa bure anatafutwa, na wanaomtafuta wanajulikana.

Kwa hiyo naomba walimu na viongozi wa parokia na wa makanisa ya Sange wajaribu. Wachukue katoni ya sabuni, wachore ramani kwa bik, vizibo vya Primus viwe wadogo, kopo la nyanya liwe dude. Haiombi moto wala mafuta ya jenereta. Wakae wawili wawili, kila mmoja na mtu wa mtaa mwingine. Sheria iwe moja isiyovunjwa: wanacheza mara mbili na kubadilishana upande, na ushindi unahesabiwa kwa michezo yote miwili pamoja. Wakimaliza, kila mmoja aeleze mbele ya wengine kwa nini mwenzake alipanga vile alivyopanga. Jumamosi moja inatosha kuanza.