AFYA NA DINI: Sumu Iliyopandishwa Juu ya Homoni



Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Na dawa huweza kutoka mahali tusipopatazamia.

Mwaka 1917, huko Ypres, Ubelgiji, askari walishambuliwa kwa gesi ya haradali, ikawaunguza ngozi na mapafu. Baadaye madaktari wakatambua kwamba sumu ile hupunguza pia chembe nyeupe za damu. Basi mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, dawa ya jamii hiyo ilijaribiwa kwa mgonjwa wa saratani, na uvimbe wake ukanywea. Lakini dawa haikubagua: ilidhuru chembe mbovu na nzima pamoja.

Katika miaka ya 1960, wataalamu wa Sweden wakaunganisha sumu hiyo na estrojeni, homoni ya kike, wakitaraji kwamba saratani ya matiti iipendayo homoni itaipokea kama mgeni wa nyumbani. Dawa hiyo ni estramustini. Matarajio yao hayakutimia. Bali ilifaa kwa saratani ya tezi dume, ambayo husitawi kwa homoni ya kiume. Estrojeni huipunguza homoni hiyo, na dawa yenyewe huvuruga nyuzi ndogo ambazo chembe huzitegemea katika kujigawa. Mja hupanga, na Mola hukadiria.

Siku hizi dawa nyingine zimeshika mahali pake pengi. Hata hivyo, aliyeandikiwa asiinywe pamoja na chakula, wala maziwa, wala chai ya maziwa, maana kalsiamu huizuia isiingie mwilini. Tena huweza kugandisha damu: mguu ukivimba au pumzi zikibana, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Enyi akina baba, haya ni katika imani, lakini kumficha daktari maradhi si haya. Mkojo ukitoka kwa shida, au ukiwa na damu, nendeni mkapimwe. Huenda isiwe saratani. Na pengine saratani huanza bila ya dalili yoyote. Nanyi vijana, wasindikizeni wazee wenu wala msiwaachie aibu iwe tabibu wao. Kumtegemea Mungu si kuiacha dawa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.