Diski za Harusi na Jicho la Fundi



Juma hili tumeulizwa na mama wa Majengo, Nyeri, mzaliwa wa pwani aliyeolewa huko bara. Anazo VCD tatu za harusi yake, pamoja na usiku wa kupamba. Humo yumo marehemu mamake akiimba nyimbo za vugo, na wajukuu hawajapata kuisikia sauti hiyo. Deki ya nyumbani imekufa. Fundi mmoja mjini amejitolea kuzichukua diski na kuzirejesha zikiwa ndani ya flashi. Je, azipeleke?

Twasema, asizipeleke. Usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao, nao walivua mabuibui kwa kuaminiana. Mwenye diski ameshika amana ya kila aliyekuwamo ukumbini. Fundi huenda akawa mtu mwema, lakini picha zikipita katika kompyuta yake huweza kubaki humo, na kompyuta huuzwa, huibiwa, huguswa na wengine.

Basi na kitafutwe chombo, kazi ifanyiwe nyumbani. VCD ilianza mwaka 1993, na moja huchukua kama dakika 74, ndiyo maana harusi moja hujaza mbili au tatu. Deki nyingi za DVD huisoma. Aulize kwa mafundi wa redio na wauzaji wa vyombo vikuukuu hapo Nyeri, Karatina, hata Nanyuki. Aende na diski isiyo na siri, ya mawaidha kwa mfano, aijaribu papo hapo na kuisogeza hadi dakika za mwisho. Diski husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na deki mbovu yaweza kuanza vizuri kisha ikwame mbele. Adai na rimoti yake.

Lakini deki huonyesha tu. Kuhifadhi kwahitaji kompyuta yenye mlango wa diski, au kisomaji cha nje cha kuchomeka kwa USB, kwani kompyuta nyingi mpya hazina mlango huo. Binti au mpwa wa kike aliyesomea kompyuta ataiweza kazi hii: afungue folda iitwayo MPEGAV, anakili mafaili makubwa ya DAT, ayafungue kwa programu ya VLC. Kisomaji kimoja kikikataa, kingine chaweza kukubali.

Diski ipanguswe kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi, kwa kuwa tabaka lenye picha liko chini yake tu. Asibandike karatasi hapo. Joto na jua huziharibu diski za kuchomwa, na baridi ya Nyeri, tunayoilalamikia kila twendapo, hapa ni neema.

Nakala ziwe mbili, moja kwake na moja kwa dada yake pwani, zote chini ya ufunguo. Na akiamua siku moja kuzitupa diski zenyewe, azikate vipande kwanza.