Fremu rilei isifutwe kwenye silabasi

Wadau, naona hoja inazunguka hosteli: fremu rilei ifutwe, kwani hata Cisco waliitoa kwenye CCNA mwaka 2016. Mimi napinga. Kweli, kazini huenda usiiguse kabisa. Ila nitajieni mada nyingine inayoonyesha kirahisi hivi tofauti ya spidi ya laini na spidi uliyoahidiwa.

Chukua laini ya kilobiti 128 kwa sekunde, na CIR, yaani kiwango cha mkataba, ni 64. Laini haipunguzi mwendo, biti zinatoka kwa 128 tu. Kwa hiyo ruta iliyopangwa vizuri inatuma biti 8,000 (hiyo ndiyo Bc), halafu inatulia. Gawanya 8,000 kwa 64,000, unapata milisekunde 125: nusu inatuma, nusu iko kimya. Ukizidisha, swichi ya mtoa huduma inazipiga fremu za ziada alama ya DE, na foleni ikijaa hizo ndizo zinatupwa kwanza. Uliahidiwa 64 bwana, zilizobaki ni bahati!

Halafu DLCI. Jamani, msiikariri kama IP. Ni namba ya hapo kwako tu: kwangu 102, kwako 201, na njia ni ileile moja. Ndiyo maana kwenye map unaandika IP ya mwenzako na DLCI ya kwako. Wengi wanageuza, ping ikigoma wanasingizia kebo.

Lebo za MPLS nazo hubadilika kila ruta. Anayetaka tufute fremu rilei aniambie hizo atazielewaje.