Mpokea Simu Naye Apigwe Picha

Mama wa Itaka, wilayani Mbozi, anapotokwa damu nyingi usiku baada ya kujifungua, mmoja wa watu wa kwanza kumwokoa huenda asimwone kamwe. Huyo ni mpokea simu wa namba 115, isiyotozwa malipo. Huuliza hali ya mgonjwa, huingiza majibu kwenye kompyuta, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa jamii aliyeandikishwa. Kisha huiarifu hospitali ijiandae.

Ndivyo unavyofanya kazi mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Tangu 1994 wataalamu wa uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wazazi: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa. Mpokea simu hupambana na ule wa pili.

Hata hivyo, picha zinazotundikwa kwenye kuta za vituo vyetu ni za viongozi wakikata utepe au kukabidhi funguo za gari. Anayeliita gari hilo saa nane za usiku haonekani. Kisichoonekana husahaulika bajeti inapopangwa: kiti chake, umeme wa akiba, mwenzake wa zamu. Picha ya kweli ya kazi yake ni ushahidi, kwani huonesha ana simu ngapi na kama yuko peke yake.

Wapo watakaohofia siri za wagonjwa, na hofu yao ni ya haki. Jina lililo kwenye skrini au daftari likinaswa, mgonjwa amesalitiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa hizo. Dawa yake ni utaratibu, si marufuku. Mhudumu aombwe ridhaa, skrini igeuzwe, daftari lifunikwe, na simu ya dharura isikatizwe wala kuigizwa kwa ajili ya kamera. Mikono, uso na saa ya ukutani vyatosha kueleza.

Picha hiyo itundikwe kliniki ya wajawazito. Mjamzito anayesita kupiga simu, akiogopa kukaripiwa au kupuuzwa, atamwona binadamu mwenzake anayesubiri kumsikiliza. Hapo picha itakuwa imepunguza ule ucheleweshaji wa kwanza, ambao hakuna gari liwezalo kuufidia.