Kiberiti Hakipimi Sumu

Bila shaka umewahi kuona gongo ikipimwa. Muuzaji humimina kidogo katika kifuniko cha chupa, huwasha kiberiti, na moto wa bluu hutokea. Wanywaji husema, "Hii safi." Mimi ni mganga wa zahanati, kando ya njia ya zamani ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Nasema kipimo hicho kinadanganya watu.

Kwa spiriti ya kuwashia jiko, kipimo hicho kinafaa. Mimina kidogo katika kijiko, ukiweke nje, mbali na chupa na watoto, kisha uwashe. Ikikataa kuwaka, au ikizimika na kuacha maji katika kijiko, ujue imetiwa maji. Basi.

Lakini tumbo si jiko. Kuna spiriti ya viwandani iitwayo methanoli. Hiyo ni sumu. Nayo huwaka kwa moto wa bluu, na harufu yake ni kama ya pombe. Huwezi kuitambua kwa kiberiti, kwa pua wala kwa ulimi. Wauzaji wengine huichanganya na pombe ili wapate chupa nyingi. Mwezi Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Wengine walipofuka.

Hapa kwetu mzee mmoja aliletwa asubuhi kwa baiskeli. Alikuwa amekunywa jana yake. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona humu mna moshi?" Hamkuwa na moshi. Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Yu hai, lakini sasa huongozwa na mjukuu wake. Gongo ile ilikuwa imepimwa kwa kiberiti, tena mbele yake.

Sumu hii huchelewa. Mtu hulala vizuri, na kesho yake kichwa humuuma, hutapika, huona ukungu, huhema haraka haraka. Nyumbani husema, "Ni pombe ya jana tu, mwacheni alale." Hapo ndipo tunapowapoteza. Mpelekeni hospitali upesi, kwa sababu dawa ipo ikiwahiwa.

Najua kwa nini wengine huficha mgonjwa. Kupika gongo bila leseni ni kosa, na watu wanaogopa polisi. Mimi mgonjwa akifika simwulizi alinunua kwa nani. Namwuliza alikunywa saa ngapi.