Mkunga akisema "bado", si dharau



Tunapotembelea mahema hapa Nyarushishi, sisi wahamasishaji wa afya tunasikia lalamiko moja: "Nilienda na uchungu, wakaniambia bado, nitembee kwanza. Wanatudharau kwa kuwa sisi ni wakimbizi." Mama mwingine akisikia hivyo, anaamua kungoja hemani mpaka mtoto awe mlangoni. Kwa maoni yangu, hatari inaanza hapo.

Tuelewe kwanza kazi ya mwili. Kuzaa kuna hatua tatu.

Hatua ya kwanza, mlango wa kizazi unalainika na kufunguka mpaka sentimeta 10. Mwanzoni uchungu unakuja na kupotea. Unaweza kuchukua saa nyingi, hasa mimba ya kwanza. Huo ndio wakati wa "bado": kunywa, tembea, pumzika. Kuanzia sentimeta 5, uchungu unakaza na kukaribiana. Tangu hapo, mimba ya kwanza kwa kawaida haipiti saa 12, na zinazofuata saa 10.

Hatua ya pili, mlango umefunguka wote na mtoto anashuka. Sasa ndipo mama anasukuma. Kusukuma mapema ni kujichosha bure.

Hatua ya tatu, kondo la nyuma linatoka, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Sindano anayochomwa mama mara mtoto akizaliwa inasaidia kizazi kukaza ili damu isitoke nyingi. Si sindano ya kufunga uzazi! Hemani sindano hiyo haipo, na damu inaweza kumaliza mama kwa muda mfupi.

Kwa hiyo "bado" ni kipimo, si tusi. Lakini na wahudumu nawaomba: neno hilo peke yake halitoshi. Mwelezeni mama amefikia wapi, na arudi akiona nini.

Ndugu, msingoje asubuhi kama:
- uchungu unakuja mara tatu ndani ya dakika 10;
- chupa imepasuka, hata bila uchungu;
- damu inatoka;
- mtoto hachezi tumboni;
- kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, au mama anapata degedege.

Dawa za miti za kuharakisha uchungu tuziache. Zinaweza kukaza kizazi kupita kiasi mpaka kipasuke. Ikihitajika kupasuliwa, mama anapelekwa hospitali kama Gihundwe au Mibilizi, na barabara ya milima hii inakula muda. Namba ya ambulansi Rwanda ni 912, haina malipo.

Akina baba, kazi yenu inaanza kabla ya uchungu: nguo za mtoto, kadi ya kliniki, mtu wa kubaki na watoto. Tulivuka mpaka tukiokoa maisha. Tusiyapoteze kwa kuogopa neno "bado".