Hodi Si Karibu

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wahenga hao hao ndio waliotufundisha hodi. Mgeni, awe nani awe nani, husimama nje ya mlango akabisha. Kwa wazee wa pwani hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unashika njia na kurudi ulikotoka. Sijasikia mtu akiuita ustaarabu huo uchoyo.

Mpenzi msomaji, nimeyataja hayo kwa sababu ya simu za intaneti, ambazo wengi wetu twazitumia nyumbani tukishatoka shule. Huko hodi imepotea.

Hapo awali ilikuwepo. Skype, iliyoanza mwaka 2003 na kufungwa Mei 2025, ilimfanya mgeni atume ombi kwanza. Alijieleza kwa maneno machache, nawe ukamkubali au ukamkataa. Kweli, wakora waliigeuza hodi hiyo wakawa wanamwagia watu maombi ya urafiki wa uongo. Hata hivyo, mtu aliweza kuchagua apigiwe na walio kwenye orodha yake tu. WhatsApp nayo ilianza simu za sauti mwaka 2015 na za video mwaka 2016, na yeyote aliye na nambari yako hukupigia moja kwa moja. Na nambari zetu je, ni siri? La hasha! Ziko kwenye daftari la bawabu mjini, kwenye mabango ya biashara, na kwenye makundi ya harambee na matanga.

Mwezi wa Mei 2023, watu wengi nchini India walilalamika kwamba wanapigiwa WhatsApp na nambari za mbali kama za Vietnam, Indonesia na Ethiopia, hata nyingine zinazoanza na 254 yetu sisi Wakenya. Mwezi uliofuata, wenye WhatsApp walileta kichujio cha kunyamazisha wapigaji wasiojulikana.

Hapo ndipo penye lalamiko langu. Kichujio kipo, lakini kinakuja kikiwa kimezimwa. Ni kama fundi aliyekujengea mlango, akatia komeo, kisha akauacha wazi na kwenda zake bila kukuonyesha komeo liko wapi. Vijana watalitafuta walione. Nyanya yetu kijijini je? Na mtoto anayetumia simu ya mamake kufanyia kazi ya ziada? Wanaolihitaji zaidi ndio wasiolijua. Kwa maoni yangu, mlango ungekuja umefungwa, na anayetaka wageni aufungue mwenyewe.

Najua wapo watakaonipinga. Mama anayeuza mitumba atauliza, "Sasa mteja mpya atanipataje?" Swali zuri hilo. Kichujio hakiifuti simu, kinazima mlio tu. Simu inabaki kwenye orodha, na mama anaweza kumrudia mteja baadaye. Hata hivyo nakubali kwamba mteja mwenye haraka hangoji, ataenda kwa jirani. Basi mfanyabiashara na aufungue mlango wake kwa hiari, akijua anachofanya. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili anauza nini, hata mtu asiyemjua ampigie simu ya video saa nne usiku?

Mwingine atasema, "Na mjomba akibadilisha laini, akipata dharura?" Mjomba atapiga simu ya kawaida. Kichujio cha WhatsApp hakigusi simu hizo hata kidogo.

Wengine watanikumbusha kwamba sheria ipo. Naam, Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao ya mwaka 2018, na ile ya kulinda data ya mwaka 2019. Lakini sheria humtafuta mkora akishakula pesa za watu au akishamtisha mtoto wa mtu. Kinga ni bora kuliko tiba.

Basi wenzangu, tusiwangoje wenye kampuni. Fungua WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, halafu faragha, halafu simu, uwashe kichujio hicho. Rudi kwenye faragha, ingia upande wa makundi. Huko, tangu mwaka 2019, unaweza kuzuia kutiwa kwenye kundi na mtu ambaye hayumo katika orodha yako. Ni kazi ya dakika mbili tu. Ukimaliza, muulize mama, baba na nyanya kama wangependa uwafanyie vivyo hivyo. Waulize kwanza, maana simu ni zao.

Msije mkadhani kazi imeisha. Kichujio hakimwoni mkora aliyeiteka laini ya rafiki yako, kwa maana jina unalijua. Zile tarakimu sita za kuthibitisha akaunti usimpe mtu yeyote, hata akikuita ndugu.

Walimu wetu nao nawaomba kwa heshima: kipindi kimoja tu cha kompyuta kwa muhula kitumike kutufundisha mambo haya, kila mtu aende nyumbani akamwonyeshe mzazi. Kukataa simu ya usiyemjua si utovu wa adabu. Asiye na adabu ni yule aliyeingia bila kubisha.

Shime basi! Mwenye macho haambiwi tazama.